Mechi ya Sikukuu Iliyokula Mchango Wake: Uchambuzi wa Kisa

## Kuhusu kisa hiki

Timu mbili zinazozungumzwa hapa zipo na bado zinacheza. Nimeziita Juu na Chini. Mji, sikukuu yenyewe, hospitali na wahusika wote nimewaficha, na fedha nimezigeuza kuwa sehemu za mia ili asiwepo wa kuzitambua. Kamati ya pamoja ilinipa daftari la mweka hazina, vishina vya tiketi na mihtasari ya vikao, nikazungumza na watu wa pande zote mbili pamoja na wauguzi. Walionipa kazi hii walikuwa na swali moja: hela za mechi ya hisani zilizokuwa za wodi ya watoto ziliishia wapi, ikiwa hakuna aliyeiba?

## Usuli

Juu na Chini, timu za mitaa miwili ya mji huo, ni watani wa jadi. Hukutana mara moja kwa mwaka, siku ileile ya sikukuu, na wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Nyumba moja inaweza kuwa na baba wa Juu na mtoto wa Chini, na siku hiyo hawaendi uwanjani pamoja. Tangu mwanzo mapato ya mechi yamekuwa ya wodi ya watoto katika hospitali inayohudumia mitaa yote miwili.

Mchango ulikuwa na taratibu zake. Wakati wa mapumziko wachezaji, jasho likiwa bado linawatiririka, walizunguka uwanja wawili wawili, mmoja wa Juu na mmoja wa Chini, wameshika ndoo moja kwa pamoja. Ni ndoo za plastiki za kawaida. Mfuniko umetobolewa kwa kisu kilichopashwa moto, kisha ukafungwa kwa waya. Shabiki wa Juu akitia noti, mchezaji wa Juu alisimama palepale na kumtazama mwenzake wa Chini mpaka shabiki wa upande wa pili naye atie, na mara nyingi huyo wa pili alitia zaidi ili asichekwe. Mwisho wa mechi nahodha wa timu iliyofungwa alivaa jezi ya mtani wake na kumkabidhi muuguzi kiongozi bahasha mbele ya watu wote. Picha hizo zimejaa ukutani hospitalini. Katika kila moja kuna mtu mmoja aliyenuna.

Gharama zilikuwa ndogo. Wachezaji walikuja na viatu vyao, jezi zilikuwa zilezile za ligi ya mtaa, waamuzi walipewa nauli na chochote kidogo. Kwa mujibu wa daftari, katika mwaka wa kawaida kati ya kila 100 zilizoingia mlangoni na kwenye ndoo, takriban 75 zilifika wodini. Hapakuwa na kanuni iliyosema hivyo. Kilichobaki kilikuwa kingi kwa sababu hapakuwa na cha kulipia.

## Mwaka wa mashine: maamuzi kabla ya mechi

Chini walikuwa wamefungwa miaka mitano mfululizo. Viongozi wapya waliingia kwa ahadi ya kufuta aibu hiyo, na katika kikao cha kwanza cha kamati ya pamoja wakaomba kila timu iruhusiwe kuleta wachezaji wa nje, yaani mamluki kama wanavyoitwa mitaani. Juu hawakupinga, maana nao walikuwa na ndugu zao kwenye timu za ligi kuu. Hoja iliyoandikwa kwenye muhtasari ni kwamba majina makubwa yatajaza uwanja, na uwanja ukijaa wodi itapata zaidi. Haikuwa hoja ya kijinga. Nusu yake ilitimia.

Lakini mamluki hawaji na viatu peke yake. Wanataka posho, malazi na muda wa kuzoeana na wenzao, kwa hiyo kila timu ikaweka kambi. Kambi ikahitaji mdhamini. Mdhamini akatoa kombe na jezi, naye akaomba tiketi za bure kwa wageni wake pamoja na muda wote wa mapumziko kwa ajili ya muziki na bahati nasibu. Kamati ikakubali, na ndoo zikasogezwa hadi baada ya filimbi ya mwisho. Katika muhtasari wa kikao hicho suala la ndoo limepewa mstari mmoja, chini ya "Mengineyo".

Kuhusu waamuzi, chama cha soka cha wilaya kilitaka ada kamili ya waamuzi wanne. Kamati ikaona ni ghali. Mjumbe mmoja alisema, na katibu akaandika, kwamba "hii ni mechi ya hisani, nani atapigana?" Akachukuliwa mchezaji wa zamani wa Chini mwenye cheti cha uamuzi, mtu anayeheshimika kote, pamoja na washika vibendera wawili wa kujitolea. Idadi ya wachezaji wa akiba ilijadiliwa bila kufikia mwisho. Watu wa Juu waliondoka wakijua ni watano. Wa Chini waliondoka wakijua hakuna kikomo.

Kisha likaja tangazo. Wiki chache kabla ya mechi mwenyekiti wa kamati, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa Juu, alisema redioni kwamba mechi ya mwaka huo itainunulia wodi mashine ya kuzalisha oksijeni. Hakuna aliyekuwa amepiga hesabu. Bei aliisikia kwa mtu, akaona uwanja ukijaa itatosha. Hospitali ikamwamini. Muuguzi kiongozi alisogeza kitanda kimoja kupisha kona, akaomba fundi umeme afunge soketi mpya kwa fedha za wodi, na juu ya soketi hiyo akabandika karatasi: "Mashine ya mechi. Usichaji simu hapa."

## Siku yenyewe

Uwanja ulijaa kuliko mwaka wowote ambao daftari linaonyesha. Kipindi cha kwanza kiliisha 1-1, na wachezaji wakakaa vyumbani huku muziki ukipigwa. Kipindi cha pili Juu wakapata bao la kuongoza.

Dakika ya 74 Chini wakamwingiza mchezaji wao wa akiba wa nane, mshambuliaji wa ligi kuu aliyefika uwanjani mpira ukiwa tayari unachezwa. Nahodha wa Juu akamfuata mwamuzi: tulikubaliana watano. Kocha wa Chini akajibu kutoka nje ya mstari kwamba hii ni mechi ya kirafiki, haina idadi. Mwamuzi hakuwa na karatasi yoyote ya kumtetea, akaruhusu. Dakika nne baadaye mchezaji huyohuyo akaanguka ndani ya boksi na mwamuzi akaonyesha kidole kwenye nukta ya penalti. Nimeiona video iliyorekodiwa kwa simu kutoka nyuma ya goli. Sidhani ilikuwa penalti, ila hata ingekuwa halali kabisa, mwamuzi aliyewahi kuvaa jezi ya Chini asingeaminiwa baada ya lile la mchezaji wa nane.

Juu wakatia mpira kwapani. Mashabiki wakavuka kamba. Mwamuzi alisubiri, akashauriana na polisi, na baada ya kama dakika 20 akavunja pambano.

Hapo ndipo ilipoonekana ni mambo mangapi yalikuwa yametundikwa kwenye filimbi ya mwisho. Haikupulizwa, hivyo ndoo hazikutoka. Hakukuwa na aliyefungwa, hivyo hakukuwa na nahodha wa kuvaa jezi ya mtani na kukabidhi bahasha. Mlangoni kundi likaanza kudai kiingilio kirudishwe. Mweka hazina, ambaye ni mtu wa Juu, akaona mifuko ya fedha haiko salama, akaipakia kwenye gari la mwenyekiti wake wakaondoka. Usiku ule watu watatu, wote wa Juu, walihesabu fedha sebuleni kwa mwenyekiti. Walihesabu kwa uaminifu: nilipolinganisha vishina vya tiketi na daftari, tofauti ilikuwa ya makosa ya chenji. Lakini kulipopambazuka mtaa mzima wa Chini ulikuwa unasema kwamba hela za watoto zimelala nyumbani kwa mwenyekiti wa Juu, na kwa hilo hawakuwa wanazusha.

## Wiki saba za kimya

Kamati ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kurudia mechi, na hilo ndilo Sheria ya 7 ya soka inalosema: pambano lililovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji wameamua vinginevyo. Waandaaji hawakuwa wameamua lolote, na polisi hawakutaka kusikia habari ya marudio. Ya pili ni kurudisha viingilio. Haikuwezekana, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imeshapata wenyewe: kambi, posho na muziki vilichukuliwa kwa mkopo kwa ahadi ya "mlangoni tutalipana". Ya tatu ni kutoa hesabu palepale, jinsi ilivyo. Waliogopa. Mjumbe mmoja aliniambia kwamba kutangaza hesabu ile wiki ile kungekuwa kuwasha kiberiti penye petroli, wakaona bora hasira zipoe kwanza.

Zilichukua wiki saba. Katika muda huo wadai walilipwa wote, kwa sababu wadai hugonga mlango. Wodi haikugonga.

Hesabu ilipobandikwa, watu waliona hivi. Tukichukua mapato ya mwaka uliotangulia kuwa 100, mwaka wa mashine ziliingia 190, zote za mlangoni. Katika kila 100 ya fedha hizo, 31 zilikwenda kwenye kambi na posho, 14 kwenye uwanja na ulinzi, 13 muziki na matangazo, 11 vifaa ambavyo mdhamini hakuvigharamia, 8 wageni, 6 "matumizi mengineyo" na 2 waamuzi. Wodi ilipata 15. Kwa kipimo cha mwaka uliotangulia, ni 28 na kitu pale ambapo uwanja uliojaa nusu ulikuwa ukitoa 75. Mashine haikununuliwa. Mdhamini akajitoa bila kelele.

## Mwaka bila mechi

Mwaka uliofuata Chini walidai mweka hazina ajiuzulu kwanza, Juu wakadai kuombwa radhi kwanza, na sikukuu ikafika hakuna kilichopangwa. Timu za wanawake za mitaa hiyo miwili, ambazo kamati haikuwahi kuzialika hata kwa mechi ya utangulizi, zikaomba uwanja zikacheza. Kiingilio hakikuwepo. Ndoo zilizunguka kabla ya mpira kuanza na tena wakati wa mapumziko. Waamuzi walitoka wilayani, na wachezaji walichangishana kuwalipa. Watazamaji hawakufika hata robo ya mwaka uliopita, lakini kwa kipimo kilekile wodi ilipata 21. Waliokuwa wamesoma hesabu ya 28 walianza kuuliza maswali, na nadhani ni maswali hayo, kuliko usuluhishi wa wazee, yaliyoirudisha kamati mezani.

## Mpango mpya

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kuua utani. Wazee wa Juu walitaka timu zichanganywe, nusu Juu na nusu Chini kila upande, mechi iitwe ya upendo. Walijaribu kwa wachezaji wakongwe, wiki kadhaa kabla ya sikukuu. Waliohudhuria wanasema watu walikaa wameupa uwanja mgongo wakipiga soga, na ndoo zilirudi nyepesi. Pendekezo likafa lenyewe, na kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi muhimu kuliko yote ingawa hakuna aliyeupigia kura.

Baada ya hapo wakageukia fedha. Mjadala mrefu ulikuwa kuhusu sehemu ya wodi. Mweka hazina mpya alitaka gharama zitoke kwanza kisha wodi ichukue baki lote, kama zamani. Wanawake, ambao sasa walikuwa na viti viwili kwenye kamati, walikataa kata kata: wodi ichukue 60 katika kila 100 za mlangoni, zitengwe uwanjani kabla ya risiti yoyote kulipwa, na ndoo zote ziwe za wodi bila makato. Gharama ziishi ndani ya 40. Wanaume walilalamika kwamba 40 haitoshi kambi. Wakajibiwa kwamba ndiyo maana. Kambi ikafutwa.

Mamluki wakafutwa pia, ingawa si kwa jina. Kanuni iliyoandikwa inasema kila timu itawasilisha orodha ya wachezaji 20 mwezi mmoja kabla, na asiyekuwa kwenye orodha hachezi. Mwanzoni walitaka kuandika "mkazi wa mtaa", wakakwama kwenye ubishi wa nani ni mkazi: anayeishi, aliyezaliwa, au ambaye mama yake anaishi? Orodha ya mapema ilikata ubishi huo, kwa sababu mchezaji wa ligi kuu hawezi kuahidi mwezi mmoja mbele kwamba klabu yake itamruhusu. Idadi ya wachezaji wa akiba ikawekwa saba na kupelekwa kwa mwamuzi kwa maandishi. Sheria ya 3 inaruhusu uhuru huo kwenye mechi za kirafiki, kwa sharti kwamba timu zikubaliane idadi na mwamuzi aarifiwe kabla mpira haujaanza.

Waamuzi wote wanne wakaombwa wilayani, wasitoke mitaa hiyo, na walipwe siku moja kabla. Mapumziko yakarudishwa kwa ndoo. Kwenye tiketi pakachapwa sentensi iliyowachukua kikao kizima: "Kiingilio hiki ni mchango, pambano likivunjika hakirudishwi na fedha za wodi zitakabidhiwa jioni hiyohiyo." Wakakubaliana pia kwamba hakuna mtu atakayetangaza kifaa chochote kabla ya mechi. Wanachoahidi ni sehemu. Cha kununua ataamua muuguzi kiongozi.

Kuhesabu kukahamishiwa ofisi ya uwanja, mbele ya mweka hazina wa kila upande na mtu wa hospitali, na karatasi ya hesabu ipigwe picha na kusambazwa kabla watu hawajafika makwao.

## Matokeo

Mlangoni ziliingia 120 kwa kipimo chetu, pungufu sana ya zile 190 lakini juu ya mwaka wa kawaida. Wodi ilitengewa 72, ndoo zikaleta 19, jumla 91. Juu walishinda tena. Nahodha wa Chini alivaa jezi ya watani, akakabidhi bahasha, akanuna kama inavyotakiwa.

Hospitali haikununua mashine ya oksijeni. Katika mwaka ule wa katikati ilikuwa imeshapata moja kwa njia zake na kuichomeka kwenye ile soketi. Fedha zilikwenda kwenye magodoro, na mwenyekiti, ambaye bado alikuwa na ile ahadi ya redioni kifuani, aliniambia magodoro hayapigiki picha vizuri.

Si yote yaliyokwenda sawa. Gharama zilitakiwa kuwa 48 zikafika 53, karibu ziada yote ikiwa ya ulinzi. Viongozi wa timu zote mbili walichanga mfukoni kuziba pengo, na hilo ni jambo la mara moja. Mwaka ukiwa na viongozi wasio na uwezo au wasio na moyo, ile 60 itaanza kumegwa. Vijana nao wanalalamika kwamba kiwango cha mpira kimeshuka. Ni kweli kimeshuka.

## Uchambuzi

### Ahadi juu ya kinachobaki

Kila mtu niliyezungumza naye alianza na mechi kuvunjika. Naona wanaanzia pabaya. Tufanye mechi iliisha salama, Chini wakapata penalti, 2-2, watu wakaenda kwao wakicheka. Kambi ingelipwa vilevile, posho zingelipwa, na wodi ingepata ile 15 na labda kiasi cha ndoo za kuchelewa, watu wakiwa tayari wanakimbilia usafiri. Vurugu zilifanya watu waombe hesabu. Hasara yenyewe ilikuwa imeshapangwa vikaoni, kura kwa kura, na watu wema.

Mfumo wa "gharama kwanza, baki kwa wodi" ulifanya kazi miaka 30 kwa sababu gharama zilikuwa haba. Hakuna kilichozizuia kukua. Mapato yakiongezeka, kila mwenye risiti anaongeza risiti, na wodi ndiyo pekee isiyo na risiti.

Tatizo hili si geni kwenye soka. Timu ya wanawake ya Dick, Kerr, kutoka kiwanda cha Preston huko Uingereza, ilianza kwa mechi ya hisani siku ya Krismasi 1917, watazamaji 10,000, mapato yakienda kwa hospitali ya majeruhi wa vita. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza na St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, mbele ya watu 53,000, na zaidi ya pauni 3,000 zikapatikana. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1921, Chama cha Soka cha Uingereza kilizipiga marufuku timu za wanawake kwenye viwanja vya wanachama wake, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba sehemu kubwa mno ya mapato inamezwa na gharama na kidogo ndicho kinachofikia hisani. Wengi wanaona hicho kilikuwa kisingizio, nami niko nao. Lakini kisingizio hicho kilipata pa kusimama kwa sababu ni rahisi kumtuhumu yeyote ambaye hakutangaza mapema kwamba katika kila pauni, kiasi fulani ni cha mgonjwa. Marufuku ikadumu karibu miaka 50.

Cha kuchekesha, chama hichohicho kilikuja kunaswa kwa jambo linalofanana. Ngao ya Hisani, mechi ya kufungua msimu iliyoanza 1908, ilibadilishwa jina kuwa Ngao ya Jamii mwaka 2002, baada ya tume inayosimamia mashirika ya hisani kukuta kwamba chama hakikuwa kikibainisha ni kiasi gani cha tiketi kinakwenda kwa hisani, na kwamba malipo kwa walengwa yalicheleweshwa. Kutobainisha na kuchelewesha: ni ile kamati ya Juu na Chini na wiki zake saba, ila kwa suti na wanasheria.

### Utani ndio mtaji

Kosa la kamati mwaka wa mashine halikuwa kuchochea utani. Walichofanya ni kuuchochea huku wakiuondolea vidhibiti, wakiamini neno "hisani" litatosha kutuliza watu. Halikuwahi kutosha. Sheffield na Hallam, klabu zilizokutana kwa mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 1860, zilicheza Bramall Lane tarehe 29 Desemba 1862 kuwachangia wafanyakazi wa Lancashire waliokosa kazi pamba ilipokatika kwa sababu ya vita vya Marekani. Katikati ya mechi hiyo ya huruma mchezaji wa Hallam alivua kizibao akitaka ngumi na mchezaji wa wapinzani, na watazamaji wakaingia uwanjani. Pambano liliisha 0-0, na mpigaji akapewa adhabu ya kwenda kulinda goli.

Sababu nzuri haimtulizi mtu anayeona anaonewa. Ndiyo maana mechi ya hisani yenye watani wa kweli inahitaji mwamuzi bora kuliko mechi ya kawaida, na ile 2 katika 100 iliyotumika kwa waamuzi ndiyo namba inayonisikitisha kuliko zote kwenye hesabu ile, hata kuliko 31 ya kambi.

Na bado utani uleule ndio uliokuwa ukijaza ndoo. Shabiki hakutia noti ya pili kwa kumwonea mtoto huruma. Alitia kwa sababu mtani alikuwa anamtazama. Kuzipeleka ndoo baada ya filimbi ya mwisho kuliondoa macho hayo, hata kabla ya mechi kuvunjika. Mashabiki wa timu iliyofungwa hawasubiri ndoo.

### Kuhesabu mbele ya nani

Mweka hazina alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake haukumsaidia kitu. Kuondoka na mifuko kulikuwa uamuzi wa busara kwa dakika ile. Kuhesabu bila mtu wa Chini ndiko kulikoharibu, na kulikuwa na saa nzima ya kumpigia simu mmoja wao aje. Hajarudi kwenye kamati hadi leo, na mitaani bado wapo wanaomwita jina ambalo sitaliandika.

### Lililo mezani sasa

Mdhamini yule amerudi. Safari hii anasema atalipa ulinzi wote, yaani lile pengo lililozibwa mifukoni, na anachotaka ni kitu kimoja: mapumziko. Kiasi anachotoa kinazidi 19 za ndoo, kwa hiyo kwa hesabu ya juu juu wodi haipotezi kitu, na nusu ya kamati iko tayari kusaini. Nimewaandikia kwamba wampe nusu saa kabla ya mpira kuanza na nafasi kwenye jezi za waokota mipira, na akikataa, waache. Fedha yake ni ya mwaka mmoja na anaweza kuondoka tena bila kelele. Ndoo zikikosa kuzunguka miaka miwili au mitatu, watakaokuwa wachezaji wakati huo hawatajua kwamba zinabebwa na watu wawili. Kikao cha kuamua ni mwezi ujao, na wale wanawake wawili wameniambia watapiga kura ya hapana.